Photoshop ikisema kumbukumbu haitoshi: uongeze RAM, ubadilishe diski, upunguze faili au uhame programu?

Bango lilikuwa la kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa kina bibi harusi, mita 3 kwa mita 2, na mjomba wa bibi harusi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu tangu saa kumi na moja jioni. Picha ya maharusi ilikuwa imekaa vizuri, majina ya koo mbili yamepangwa, rangi za magauni ya gomesi zimeiva. Nilipobonyeza kuhifadhi, Photoshop ikanitolea kidirisha kidogo: haiwezi kukamilisha kazi kwa sababu diski za muda zimejaa. Mzee yule ni askari mstaafu, na Kiswahili chake ni kile cha kambini. Akauliza, "Kijana, mashine imegoma?" Nikamjibu, "Nipe dakika tano, afande." Dakika tano zikawa saa tatu, na bango likatoka wakati mashine nyingi za Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, zimeshazimwa.

Wiki iliyofuata nilikwenda kununua RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya kompyuta. Nikatoka GB 8 nikaingia GB 16, nikarudi dukani na moyo mweupe, nikafungua faili lilelile. Ujumbe uleule. Kijiti cha RAM hakikuwa kibovu, wala fundi hakunidanganya. Nilitibu kichwa na maradhi yalikuwa tumboni.

Tangu siku hiyo kila mwenzangu akiniambia "kompyuta inasema memori imeisha, ninunue RAM ya ngapi?", humrudisha nyuma kwanza. Njia zipo nne: kupunguza faili, kushughulikia diski, kuongeza RAM, na kubadili programu. Zote ni njia halali na kila moja ina siku yake. Ila haziponyi ugonjwa mmoja, na zile mbili za kwanza mara nyingi hazikugharimu hata shilingi. Hapa naziweka pamoja ili uchague kabla hujatoa pesa mfukoni.

Ni kumbukumbu ipi iliyoisha?

Usilifunge lile dirisha la ujumbe kabla hujalisoma. Photoshop ina ujumbe wa aina mbili unaofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana. Mmoja unataja RAM: nafasi ya kazi ya haraka imekwisha. Mwingine unataja scratch disks, yaani sehemu ya diski ambayo programu huazima pale RAM inapojaa. Huu wa pili ndio ulionipata mimi, na ulikuwa umeandikwa wazi kabisa. Mimi niliona neno "full" nikakimbilia dukani.

Kuna kipimo kingine ambacho wabunifu wengi hawajawahi kukigusa. Chini kushoto mwa dirisha la Photoshop, pale panapoonyesha ukubwa wa faili, kuna kimshale. Kibonyeze uchague Efficiency. Ikisoma 100%, kazi yote inafanyika ndani ya RAM, na kununua RAM zaidi hakutakuongezea kitu kwa faili hilo. Ikishuka chini ya hapo, Photoshop imeanza kuandika kwenye diski, na ndiyo sababu brashi inakokota. Hapohapo unaweza kuchagua Scratch Sizes, utaona namba mbili: ya kushoto ni kumbukumbu inayotumiwa na picha zote ulizofungua, ya kulia ni RAM ambayo Photoshop imeruhusiwa kutumia. Kushoto ikizidi kulia, umeingia kwenye diski.

Fungua pia Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc pamoja, uingie Performance. Fanya kazi yako kama kawaida huku ukiitazama. RAM ikiwa imepanda karibu na juu kabisa na diski nayo inasoma asilimia 100, una tatizo la RAM kweli. RAM ikiwa na nafasi lakini diski ya C imebakiwa na GB 5, tatizo ni diski. Na kama vyote viwili vina nafasi na programu bado inalia, elekea sehemu ya programu hapo chini, kwa maana huenda unatumia toleo la biti 32.

Dalili moja usiichanganye na hizi: kompyuta kuzimika na skrini ya buluu, programu zisizohusiana kujifunga zenyewe, faili kufunguka zikiwa na mistari ya ajabu. Hapo kijiti cha RAM chenyewe huenda ni kibovu. Windows ina kipimo chake. Andika mdsched kwenye kitufe cha Start. MemTest86 hupima kwa kina zaidi ukiiwasha kutoka kwenye flashi na kuiacha usiku kucha. Kabla ya kununua kingine, kizime kifaa, chomoa kijiti, pangusa vumbi, kirudishe kwa nguvu hadi vibanio viseme "ta". Kwa vumbi la barabara zetu, hilo pekee limewaokoa wengi.

Kupunguza faili

Hii ndiyo njia ninayoitetea kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, kwa sababu inaonekana kama kushusha ubora wa kazi. Hebu tupige hesabu kwanza.

Picha ya pikseli (vinukta vya rangi) hukaa kwenye kumbukumbu kwa ukubwa wake halisi, hata kama JPEG yake kwenye diski ni ndogo. Unachukua pikseli za upana, unazidisha kwa pikseli za urefu, unazidisha kwa idadi ya rangi: 3 kwa RGB (rangi za skrini), 4 kwa CMYK (rangi za wino wa kuchapa). Hiyo ni kwa picha ya biti 8 kwa kila rangi. Ukifanya kazi kwa biti 16, zidisha tena mara mbili. Bango la mita 3 kwa 2, CMYK, leya (tabaka) moja tu iliyojaa:

| Rezolusheni (dpi: nukta kwa inchi) | Pikseli | Kumbukumbu kwa leya moja |
|---|---|---|
| 300 dpi | 35,433 × 23,622 | takriban GB 3.1 |
| 200 dpi | 23,622 × 15,748 | takriban GB 1.4 |
| 100 dpi | 11,811 × 7,874 | takriban MB 355 |
| 72 dpi | 8,504 × 5,669 | takriban MB 184 |

Bango langu la kwanjula lilikuwa dpi 200. Lilikuwa na leya ya mandhari, leya ya vivuli, picha ya maharusi, na nakala mbili za mandhari nilizozificha "nisije nikazihitaji". Halafu kuna historia: kila ukifanya jambo linalogusa picha nzima, Photoshop hutunza hali ya awali ili uweze kurudi nyuma, na kwa kawaida hutunza hatua 50. Ukizungusha bango zima, ukalitia ukungu, ukabadili rangi zake, kila hatua imekula nafasi yake. GB 16 zinajaa hivihivi unaona.

Tazama pia mstari wa kwanza wa jedwali. Faili la PSD, aina ya kawaida ya Photoshop, halipiti pikseli 30,000 kwa upande wowote wala GB 2 kwa uzito. Bango hilo kwa dpi 300 halihifadhiki kama PSD hata ukiwa na GB 128 za RAM. Lazima liwe PSB, ambayo hufika pikseli 300,000. Yaani kuna ukuta ambao RAM haiwezi kuuvunja.

Je, dpi 100 inatosha kwa bango? Jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vikiachana kwa pembe ya takriban sehemu moja ya 60 ya nyuzi. Mtu akisimama mita 3 kutoka kwenye bango, hiyo ni kama milimita 0.9, ambayo ni nukta 29 hivi kwa inchi. Akisogea mita 1, ni nukta 87. Kwa hiyo dpi 100 inamtosha hata yule shangazi anayekuja kupiga picha pembeni ya bango kwenye kwanjula. Bango la barabarani kule Entebbe Road, ambalo dereva analiona kwa mita 30 huku bodaboda zikimkatiza mbele, linaishi vizuri kwa dpi chache sana kuliko hizo.

Kadi ya mwaliko, kalenda, lebo ya chupa: hizo zinashikwa mkononi. Ziache kwenye 300. Nazo si tatizo, maana A4 nzima kwa dpi 300, CMYK, ni MB 33 tu kwa leya.

Kuna wanaojificha kwenye mizani: wanafanya kazi kwa kipimo cha moja kwa kumi. Hiyo ni sawa, lakini pikseli ndizo zinazohesabiwa. Sentimita 30 kwa 20 kwa dpi 300 ni sawa na mita 3 kwa 2 kwa dpi 30. Ukiweka sentimita 30 kwa 20 kwa dpi 1000, umerudi palepale kwenye dpi 100 ya ukubwa kamili. Hakuna pikseli za bure.

Kwa hiyo kabla ya yote: weka dpi sahihi mwanzoni, futa leya zilizofichwa, unganisha zile ulizomaliza nazo, shusha historia kutoka 50 hadi 15 au 20, na kazi ikifika mwisho, nenda Edit, halafu Purge, halafu All. Purge haina kurudi nyuma, kwa hiyo hifadhi kwanza. Maandishi yaache kwenye programu ya vekta, ile inayochora kwa mistari ya hesabu badala ya pikseli. Jina la bwana harusi lililoandikwa kwa vekta ni kilobaiti chache hata likiwa na urefu wa mita.

Njia hii haifai lini? Pale mteja anapoleta kazi ambayo si yako, PSD ya leya 80 kutoka kwa wakala fulani, na anataka leya zote zibaki. Na kwa wapiga picha wanaorekebisha picha kubwa za biti 16, kupunguza ni kuharibu. Hao wasome sehemu ya RAM.

Diski

Mtu mwenye ujumbe wa scratch disks anayo dawa ndani ya kompyuta yake. Photoshop kwa kawaida huazima nafasi kwenye diski yenye Windows, yaani C. C ya kwetu ndiyo hiyohiyo yenye Desktop iliyojaa kazi za wateja wa miaka mitatu, video za harusi, na Downloads ambayo haijawahi kufunguliwa. Jioni ile ya mjomba, C yangu ilikuwa na GB 6. Saa tatu zile zilikwenda kwenye kuhamisha kazi za zamani hadi diski ya nje. Zilipofunguka GB 40, bango likahifadhika. Sikugusa RAM. Na ujumbe uliporudi wiki iliyofuata, ni kwa sababu C ilikuwa imejaa tena.

Ingia Preferences, kisha Scratch Disks, uchague diski yenye nafasi. Kama Photoshop inakataa hata kufunguka kwa sababu diski imejaa, shika Ctrl na Alt huku ukiiwasha. Itakuuliza itumie diski gani. Tafuta pia masalia. Umeme ukikatika katikati ya kazi, na tunajua unavyokatika, Photoshop haipati nafasi ya kufuta faili zake za muda. Zinabaki kwenye folda ya Temp, majina yake yanaanza na Photoshop Temp, na moja inaweza kuwa na GB kumi na kitu. Funga programu, uandike %temp% kwenye Start, uzifute. Niliwahi kufungua laptopu ya mwanafunzi mmoja nikamwondolea masalia ya namna hiyo, akadhani nimemwekea diski mpya.

Sasa ulinganisho wa diski na diski. Diski ngumu ya kuzunguka husoma karibu MB 100 kwa sekunde ikiwa na afya. SSD, yaani diski isiyozunguka, ya aina ya SATA hufika karibu 500. SSD ya NVMe huvuka 2,000. RAM huenda makumi ya GB kwa sekunde. Maana yake, SSD haigeuki kuwa RAM, lakini umbali kati ya diski ya kuzunguka na SSD ni mkubwa kiasi kwamba kompyuta yenye GB 8 na SSD hufanya kazi kwa raha kuliko yenye GB 16 na diski ya kuzunguka, kwa kazi nyingi za kila siku. Windows inawaka haraka, faili zinafunguka haraka, na RAM ikizidiwa, kuazima hakuumizi sana.

Kama pesa yako inatosha kitu kimoja tu na bado una diski ya kuzunguka, nunua SSD. Nalisema bila kusita. Isipokuwa kama una GB 4 za RAM; hapo hata SSD itachoka.

Flashi usiifanye diski ya muda. Ni ya polepole, na ikichomoka kazi imekwenda. Diski ya nje ya kuzunguka kupitia USB nayo ni ya dharura tu.

RAM

Adobe yenyewe, kampuni inayotengeneza Photoshop, inataja GB 8 kama kima cha chini cha Photoshop na GB 16 kama kinachopendekezwa. Uzoefu wangu unakubaliana nayo: kwa vipeperushi, kalenda, mabango ya dpi 100, GB 16 inatosha na inabaki. GB 32 ni ya mtu ambaye Efficiency yake inashuka kila siku hata baada ya kusafisha faili. Huyo ndiye anayestahili RAM, na kwake hakuna mbadala.

Kabla ya kununua, angalia ulivyoigawa iliyopo. Preferences, Performance: Photoshop kwa kawaida imepewa asilimia 70 ya RAM. Unaweza kupandisha kidogo ukiwa hufungui kingine, lakini Adobe haipendekezi kupita asilimia 85, na ina sababu: Windows ikikosa hewa, kila kitu kinakwama, pamoja na Photoshop. Funga kivinjari. Tabo ishirini za WhatsApp, barua pepe na mitindo ya fonti zinaweza kula GB 3 bila kelele. Na kama kadi yako ya picha imejengwa ndani ya prosesa, kama ilivyo kwenye laptopu nyingi za mtumba, jua inakopa kutoka kwenye RAM hiyohiyo.

Swali kubwa la Kampala ni kama laptopu yako inapokea. Nyingi zetu zilikuja kutoka Ulaya zikiwa zimeshatumika maofisini, na hilo ni jambo jema kwa sababu zile za kiofisi za zamani zilijengwa zifunguliwe. HP EliteBook 840 G1 na G2 zina sloti mbili za RAM ya aina ya DDR3L. G3 ina sloti mbili za DDR4. ThinkPad T450 na T460 ni DDR3L, sloti mbili. T470 na T480 ni DDR4, sloti mbili. Kuanzia T490 mambo yanabadilika: sehemu ya RAM imechomelewa kwenye bodi na imebaki sloti moja. ThinkPad X1 Carbon imechomelewa yote, na MacBook za M1 na kuendelea ndiyo kabisa, ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachozikwa nacho. Kwa mwenye mashine hizo za mwisho, sehemu hii ya RAM imefungwa. Chaguo zake ni faili, diski na programu.

Dukani, usiseme "nataka GB 8". Toa kijiti cha zamani, nenda nacho mkononi. DDR3 na DDR3L vinafanana sura, lakini DDR3L ni ya volti 1.35, na laptopu nyingi za kizazi hicho hazitawaka ukiweka kijiti cha volti 1.5. Chukua vijiti viwili vya ukubwa sawa ukiweza, kwa sababu hufanya kazi pamoja na kadi ya picha ya ndani hufaidika. Kiwekwe ukiwa hapohapo, washa, fungua Task Manager, soma namba. Halafu omba risiti yenye siku za kurudisha, kwa sababu RAM mbovu haijionyeshi dakika ya kwanza.

Kubadili programu

Anza na jambo ambalo si kuhama hata kidogo: biti 32 dhidi ya biti 64. Programu ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata kama kompyuta ina 32, na nyingi huishia mapema zaidi. Photoshop ya biti 64 kwenye Windows ilianza na CS4 mwaka 2008, lakini matoleo ya biti 32 yaliendelea kutolewa sambamba hadi 2018. Illustrator ilisubiri CS6, mwaka 2012, na CorelDRAW ilisubiri X6, mwaka huohuo. Sasa fikiria ile Photoshop inayozunguka kwenye flashi kutoka duka hadi duka. Mara nyingi ni ya biti 32. Itazame kwenye Task Manager: pembeni ya jina pakiandikwa 32 bit, umepata mchawi wako. Umeongeza RAM ambayo programu haiwezi kuiona.

Windows yenyewe ikiwa ya biti 32, haitaona zaidi ya GB 4 vilevile. Sakinisha ya biti 64.

Ukiamua kuhama kweli, hivi ndivyo ninavyoziona.

CorelDRAW na Illustrator ni za vekta, na bango lenye maandishi mengi na picha mbili ni mahali pake. Faili linalokula GB kumi kwenye Photoshop linaweza kuwa MB mia mbili huku. Lakini nazo zina mashimo yake. Kwenye CorelDRAW ni vivuli, uwazi na picha kubwa zilizofichwa ndani ya PowerClip, fremu inayoonyesha sehemu tu ya picha. Unaona kijisehemu cha uso, kumbe picha nzima ya kamera imelala ndani. Ipunguze kabla ya kuiingiza. Kwenye mipangilio ya kumbukumbu, matoleo mengi ya CorelDRAW huanzia asilimia 25 ya RAM, kwa hiyo mwenye GB 16 anafanya kazi na nne bila kujua. Ipandishe hadi 50. Kwenye Illustrator, mwizi ni Document Raster Effects Settings ikiwa kwenye 300: kivuli kimoja cha bango la mita tatu kinahesabiwa upya kwa dpi 300 kila ukikisogeza. Ishushe hadi 72 wakati wa kazi. Na picha ziunganishwe kwa kiungo badala ya kupachikwa. Ubao wa Illustrator wa kawaida huishia karibu mita 5.8, kwa hiyo mabango marefu huhitaji mizani.

Affinity ndiyo inayovutia wengi sasa, kwa sababu Canva iliinunua mwaka 2024 na mwishoni mwa Oktoba 2025 ikaitoa bure, ukiwa na akaunti yao. Ni ya biti 64, inafanya CMYK, inafungua PSD, na pikseli na vekta zinakaa nyumba moja. Kwa mbunifu anayeanza, ningeanzia hapa leo. Kasoro yake kwa mtaa wetu ni moja na ni kubwa: haifungui CDR, yaani faili za CorelDRAW, na kazi za wateja wetu wa zamani karibu zote zimehifadhiwa kwenye CDR.

GIMP na Inkscape ni za bure tangu zamani, nyepesi, na zinaendeshwa hata kwenye Linux juu ya mashine dhaifu. GIMP inakuruhusu kupanga Tile cache size kwenye Preferences, System Resources; ikijaa, nayo huandika diski kama Photoshop. Haifanyi kazi ndani ya CMYK moja kwa moja, ingawa toleo la 3.0 la mwaka 2025 limeboresha kutoa faili za CMYK. Kwa mabango, mashine nyingi hupokea RGB na programu yao hugeuza rangi yenyewe, kwa hiyo muulize opareta kabla ya kuhukumu. Inkscape husoma CDR nyingi, ila si kila kitu kinakuja kizima. Angalia fonti na vivuli.

Photopea hukimbia ndani ya kivinjari. Nzuri kwa kufungua PSD ya mteja ukiwa kwa mwenzako, mbaya kwa bango, kwa sababu iko chini ya mipaka ya kivinjari.

Gharama kubwa ya kuhama ni mikono yako. Miaka sita ya njia za mkato kwenye vidole haihami kwa wikiendi moja, na ndiyo maana naiweka mwisho kwa mwenye duka lenye foleni, na mwanzo kwa mwanafunzi ambaye hajazoea chochote.

Ungekuwa wewe, ningekushauri nini?

Mwanafunzi mwenye laptopu ya GB 4 na diski ya kuzunguka: usihangaike na Photoshop mpya. Weka Inkscape na GIMP, kusanya pesa, ununue SSD na kijiti cha kukufikisha GB 8 kwa safari moja. Kwake yeye vyote viwili vinahitajika.

Mwenye duka la mabango na GB 8, SSD tayari: mwezi huu badili tabia ya faili, dpi 100 kwa kila kitu kisichoshikwa mkononi, maandishi yote vekta. Angalia Efficiency kwa wiki mbili. Ikikaa 100%, pesa ya RAM inunulie UPS, kwa maana umeme ndio utakaokuangusha. Ikishuka kila siku, nenda GB 16.

Mpiga picha wa harusi anayerekebisha picha za biti 16: RAM, moja kwa moja, GB 32 kama sloti zinaruhusu, na diski ya pili ya SSD kwa ajili ya muda peke yake.

Mwenye MacBook ya GB 8 isiyofunguka: Affinity, na nafasi tupu ya diski isishuke chini ya robo.

Lile faili la kwanjula bado ninalo. Juzi nililifungua tena kwa sababu mjomba alirudi; safari hii anataka bango la mahafali ya mjukuu na anapenda mandhari ileile. Nikaishusha hadi dpi 100, nikafuta zile nakala mbili zilizofichwa, majina nikayahamishia CorelDRAW. Nikaangalia kona ya chini kushoto: Efficiency 100%. Mzee alikuwa bado anatafuta kiti cha kukaa nilipomwambia, "Afande, imeshahifadhiwa."